Kulwa na Doto

"Zifungue," alisema Mwinshehe, "ila usizichanganye.
Ya mbele ni Kulwa, ya nyuma ni Doto.
Skrubu ya Kulwa ukimpa Doto
utalia hapa Keko mpaka Idi."

Nikaweka bakuli mbili za plastiki, nyekundu na buluu.
Volvo ya baba, ya mwaka sitini na sita,
miaka kumi na tisa chini ya turubai uani Chang'ombe,
kuku wakitaga kwenye kiti cha nyuma.

Petroli ilikuwa imekufa zamani.
Ndani ya Doto iliganda kama ulimbo wa fenesi.
Ndani ya Kulwa nyigu alijenga
vyumba vinne vya udongo, akakaa bila kulipa kodi.

Ndimu ishirini, sufuria ya Mwanahamisi
(niliichukua akiwa msibani, Mungu anisamehe),
moto mdogo, povu la kijivu,
na alumini ikaanza kurudi,
si nyeupe ya dukani: nyeupe
ya jino la mtu mzima.

Nikashika waya wa breki ya baiskeli.
"Jeti haichokonolewi. Puliza."
Nikapuliza. "Tena."
Nikapuliza mpaka benchi likazunguka.
"Ukiiona Keko upande wa pili, acha."
Nikainua jeti juani:
kipande cha bati, nguo kwenye kamba,
Keko ndogo kuliko punje ya mtama.

Kisha gasketi.
Ya Kulwa ilikuwa ya kununua, ikavunjika kama papadi.
Ya Doto ilikuwa kadi ya manila
iliyokatwa kwa mkasi wa cherehani.
Niliifuta masizi kwa kidole gumba, nikasoma:

     *sabati 3*
     *aongeze bi*

Tundu la bolti limekula tarakimu ya pili.
Mimi naijua. Ni moja.
Darasa la tano, muhula wa pili,
ripoti niliyoichomeka nyuma ya madebe ya oili
nikasema mwalimu hajazitoa,
nikaapa kwa jina la bibi, naye yu hai, anasikia.

Baba hakuuliza.
Wiki ile Volvo ilikuwa imemgomea,
na miaka ile hata sabuni ilikuwa habari,
sembuse spea.
Aliniita nimshikie tochi.
Nilishika tochi.
Alikaza bolti nne, hii kidogo, ile kidogo,
na sikujua anakaza nini.

Tukaenda nayo Morogoro.
Tukaenda nayo Kisarawe, kumzika bibi.
Tukaenda nayo shule ya bweni, begi langu juu ya paja,
mzee anapiga mluzi, kiwiko dirishani,
na kule mbele, kati ya hewa na moto,
thelathini na moja yangu
inazuia upepo usivuje.

"Vipi, moshi umekuingia machoni?"
"Ndiyo."
"Jiko tumezima tangu saa sita," alisema Mwinshehe,
akaenda kutafuta mpira wa maji, hakurudi upesi.

Nikailaza kadi juu ya karatasi mpya
nikafuata kingo zake kwa penseli,
hata pale kushoto, mkasi wa baba ulipoteleza.

Alasiri injini ikakubali mara ya saba.
Mpira, ncha moja sikioni, nyingine mdomoni mwa Kulwa:
anavuta kama mtu aliyepanda ngazi.
Doto: kama mtu anayenong'ona msikitini.
"Robo," anasema Mwinshehe. "Nusu ya hiyo robo.
Usikaze kwa hasira, chuma hakifokewi."
Robo. Sikiliza. Nusu ya robo. Lori limepita, subiri.
Mpaka zikavuta pumzi moja,
au karibu. Pacha hawalingani sawasawa, anasema,
hata mama yao anajua.

Sufuria inanuka petroli, nimenunua nyingine.
Kadi iko kwenye pochi, pamoja na leseni.
Volvo inakwenda. Ila asubuhi zenye unyevu
Doto bado anakohoa.

Aongeze bidii.